Nyumba Isiyo na Ukingo

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8, 1 Samweli 4:12–18

Kukhu na kuka zetu, huenda mmeketi kando ya redio saa hii huku wajukuu wakijitayarisha kwenda shule. Mazungumzo ya leo ni juu yenu, lakini yawahusu zaidi wale mliowazaa na kuwalea.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, imo amri fupi ambayo wengi wetu huipita upesi. Musa aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, hana budi kuizungushia dari yake ukingo. Asipofanya hivyo, na mtu akaanguka kutoka huko juu, lawama ya damu hiyo itakuwa juu ya nyumba ile.

Yafaa tukumbuke nyumba za nchi ile zilivyokuwa. Dari zao zilikuwa tambarare, na watu walipanda juu kufanya kazi zao. Rahabu wa Yeriko alikuwa na mabua ya kitani darini, akawaficha wapelelezi humo. Petro alipokuwa Yafa alipanda darini kuomba. Dari ilikuwa kama ua wetu: watu walikaa huko, wakaongea, wakapumzika. Kwa hiyo hatari ya kuanguka ilikuwa jambo la kila siku.

Angalieni jambo moja, wapendwa. Amri hii haikumwambia mgeni awe mwangalifu. Haikumkataza mzee kupanda darini. Ilimwambia mwenye nyumba ajenge ukingo, tena ajenge mapema, kabla mtu hajaanguka.

Sisi nyumba zetu ni za mabati, na paa lake limeinama. Hakuna anayekaa juu yake. Je, amri hii haituhusu? Yatuhusu sana. Wazee wetu hawaanguki kutoka darini. Huanguka penye kizingiti cha mlango, kando ya kitanda, katika njia ya choo, na kwenye ngazi za kanisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya 80 kwa kila 100 katika hao hufa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambazo yetu ni mojawapo. Na wanaokufa kwa wingi zaidi ni wale waliopita miaka 60.

Tena kufa si hasara peke yake. Mama mzee akivunjika nyonga, mara nyingi hapati tena mwendo wake wa zamani. Aliyekuwa akichuma mrenda wake mwenyewe na kuwapikia wajukuu sasa angoja kupelekwa hata chooni. Binti mmoja ataacha kazi ili amtunze. Ng'ombe atauzwa kulipa gharama. Jamaa nzima imeanguka pamoja naye.

Sasa, mzee akianguka, sisi husemaje? Wengine husema, "Ni uzee tu." Wengine husema, "Ni shauri la Mungu." Na wako wanaonong'ona kwamba amerogwa, wakaanza kumtafuta jirani wa kumlaumu. Maneno haya matatu yanafanana kwa jambo moja: yote yatuachia mikono mitupu, tusifanye neno lolote.

Lakini hebu tusome habari za Eli katika 1 Samweli, sura ya 4. Kuhani yule aliketi kitini kando ya lango, akingoja habari za vita. Mjumbe akaja na kumwambia kwamba wanawe wawili wamekufa na sanduku la Mungu limetwaliwa. Aliposikia habari za sanduku, Eli alianguka kwa nyuma kutoka kitini, shingo ikavunjika, akafa. Twajua kwamba hukumu ya Mungu ilikuwa juu ya nyumba ya Eli. Hata hivyo mwandishi hakuona vibaya kutuandikia mambo yote yaliyokuwapo. Ametuambia umri wa Eli, miaka 98. Ametuambia kwamba macho yake yalikuwa hayaoni. Ametuambia kwamba mwili wake ulikuwa mzito. Ametuambia alikuwa ameketi wapi, na ni habari gani iliyomshtua. Biblia haikusema "ni uzee tu" ikanyamaza. Iliyahesabu mambo moja baada ya jingine, kama afanyavyo daktari mwema.

Na madaktari wa leo wasema vivyo hivyo. Mzee haangushwi na miaka yake peke yake. Huangushwa na mambo mawili au matatu yaliyokutana: miguu iliyopungua nguvu, macho yenye ukungu, dawa iletayo kizunguzungu, na njia yenye utelezi. Ukiondoa moja katika hayo, umepunguza hatari. Ukiondoa mawili, umejenga upande mmoja wa ukingo.

Basi tuanze wapi? Tuanze kwa kuuliza. Maswali ni matatu, na kila mtu aweza kuyauliza. La kwanza: Je, umeanguka wakati wo wote katika mwaka huu uliopita? La pili: Je, ukisimama au kutembea, wajiona huna uthabiti? La tatu: Je, una hofu ya kuanguka? Mzee akijibu ndiyo hata kwa swali moja, yafaa tuendelee kuchunguza.

Lakini tuulize kwa heshima. Tusiulize mbele ya wajukuu, wala kwa kucheka. Wazee wengi huficha kuanguka kwao, na wana sababu. Mama ajua kwamba akisema, "Nilianguka jana nikitoka chooni," wanawe walioko Nairobi watapiga simu usiku huo huo. Watamwambia aache shamba, auze mbuzi wake, ahamie kwao katika chumba kimoja ambako hamjui jirani hata mmoja. Kwa hiyo hujipangusa matope, akanyamaza. Jeraha lilio gotini aambia watu ni kuni iliyomchubua. Ndugu, kama twataka wazee wetu watuambie kweli, hatuna budi kuwahakikishia kwamba kweli hiyo haitawanyang'anya nyumba zao.

Baada ya kuuliza, twaweza kupima. Vipimo hivi havihitaji mashine. Vyahitaji kiti imara kisichoteleza, kamba, na saa yenye sekunde au simu. Mtu mwenye nguvu asimame karibu na mzee wakati wote. Naye asiyeweza kusimama bila kushikwa asipimwe nyumbani. Huyo apelekwe kwa daktari.

Kipimo cha kwanza ni cha mwendo. Pimeni mita tatu mbele ya kiti, mweke alama. Mzee akiwa ameketi, mwambieni ainuke, aende kwa mwendo wake wa kawaida hata kwenye alama, ageuke, arudi, aketi. Kama ana mkongojo, autumie. Ikimchukua sekunde 12 au zaidi, ni ishara ya hatari.

Kipimo cha pili ni cha nguvu za miguu. Mzee aketi katikati ya kiti, afumbate mikono kifuani, kisha ainuke na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mama wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10, na baba wa umri huo asiyefikisha mara 12, wana upungufu wa nguvu za miguu.

Kipimo cha tatu ni cha kusimama. Mzee asimame akiweka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Asipoweza kukaa hivyo kwa sekunde 10, uthabiti wake umepungua.

Tena kuna mambo ya mwili ya kuchunguzwa na wenye elimu ya tiba. Wako wazee ambao damu hushuka miguuni wainukapo kitandani, kichwa kikawa chepesi, wakaona giza. Presha ipimwe mzee akiwa amelala, kisha apimwe tena baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Kama namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ile ya chini kwa 10 au zaidi, daktari aambiwe. Wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka vijijini walipewa mikoba yenye kipimo cha presha mwaka 2023. Muulizeni aliye karibu nanyi. Naye mzee ajifunze kuketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu kwa muda wa dakika moja, ndipo asimame.

Dawa nazo ziangaliwe. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za presha, dawa za kuongeza mkojo, hata vidonge vya mafua viletavyo usingizi kama Piriton, ambavyo twavinunua dukani bila kuuliza, vyaweza kumyumbisha mzee. Zitieni zote katika mfuko mmoja, mwende nazo kliniki, mkaulize kama zote zafaa. Lakini mtu asiache dawa ya presha kwa shauri lake mwenyewe, maana kiharusi nacho huangusha. Na pombe, iwe busaa au chang'aa au ya chupa, humfanya mzee ayumbe zaidi kuliko kijana aliyekunywa kiasi kile kile.

Macho yatazamwe. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji usiochukua muda mrefu, na jirani zetu wa Vihiga wanayo Hospitali ya Macho ya Sabatia. Wataalamu wa Uingereza walionyesha mwaka 2005 kwamba kina mama wazee waliofanyiwa upasuaji huo mapema walianguka mara chache kuliko wale walioachwa wangoje.

Hata nyayo tusizisahau. Mzee mwenye funza hukanyaga kwa upande wa mguu, na mtu akanyagaye kwa upande hasimami imara. Ni nani katika jamaa aliyeinama juma hili akaitazama miguu ya kukhu? Bwana wetu alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu. Kuosha miguu ya mzee, kumpeleka akatibiwe funza, kumkata kucha na kumtafutia viatu vyenye kisigino kilichofungwa mahali pa kandambili zilizolika, hiyo ni kazi ya Kikristo kamili.

Sasa twende nje ya nyumba. Sisi wa Kakamega twapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua hiyo hutupa mahindi, chai, miwa na msitu wetu mzuri. Hutupa pia udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Mara nyingi hunyesha alasiri, na usiku mzee huenda chooni kwa njia ile ile iliyolowa, gizani, akiwa na usingizi, na haja yamharakisha.

Hapo ndipo penye dari yetu isiyo na ukingo. Mnajua ni hatua ngapi toka mlango wa mama yenu hata chooni? Zihesabuni. Kisha mwageni kokoto katika njia ile, mchimbe mfereji wa kuondoa maji, msimamishe nguzo na kufunga fito au kamba nene ya kushikia. Katika choo cha shimo wekeni kiti imara chenye tundu, ili mzee asichuchumae, na mti wa kushikia ukutani. Taa ndogo ya sola kando ya mlango yatosha kumwonyesha kizingiti. Na kwa saa za usiku wa mvua, chombo cha haja kiwekwe karibu na kitanda. Si aibu, ni ulinzi.

Ndani ya nyumba, kitanda kiwe cha urefu ambao mzee akiketi, nyayo zake zafika sakafuni. Jembe, sufuria na kamba ya mbuzi visikae mlangoni. Sakafu ikisiribwa, mzee asipite mpaka ikauke. Kile anachokitumia kila siku kiwekwe usawa wa mkono wake, asipande kibago kukitafuta. Mkongojo wake ufike usawa wa kifundo cha mkono akisimama wima, na ncha yake ivishwe mpira. Kipande cha tairi chatosha.

Wako watakaosema, "Mambo haya ni mengi. Heri mama akae tu kitini, tumfanyie kila kitu." Wapendwa, hapa ndipo upendo wetu hukosea njia. Miguu isiyotumiwa hudhoofika, na mzee aketiye kutwa ataanguka siku ile atakayojaribu kuinuka. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya majaribio 108 yaliyofanywa mahali pengi duniani, wakaona kwamba mazoezi ya mwili hupunguza kuanguka kwa wazee karibu robo nzima. Yaliyosaidia hasa ni mazoezi ya kujisimamisha imara na ya kuipa miguu nguvu.

Kwa hiyo msimnyang'anye mama jembe lake. Mpeni kijishamba kilicho karibu na nyumba, mahali pa tambarare. Mara tatu kwa juma ashike ukingo wa meza imara, ainuke juu ya vidole vya miguu mara kumi. Ainuke kitini na kuketi mara kumi. Atembee kando ya ukuta, kisigino mbele ya vidole. Mjukuu asimame karibu naye na kumhesabia. Na chakula chake kisiwe ugali na chai tu. Misuli yahitaji maharagwe, omena, mayai na maziwa.

Neno moja kwa ajili ya siku ile ambayo mzee ameanguka hata hivyo. Msimvute mikono kumwinua kwa haraka. Mwulizeni kwanza penye maumivu. Kama mguu mmoja waonekana mfupi na wayo umegeukia nje, au hawezi kuukanyagia, huenda nyonga imevunjika. Msiukande wala kuunyosha. Mfunikeni asipate baridi, mmlaze juu ya ubao au blanketi iliyofungwa kwenye miti miwili, mmpeleke hospitali. Akiwa amegonga kichwa, mwangalieni kwa majuma kadhaa. Akianza kutapika, kusinzia kupita kiasi au kuchanganyikiwa, mkimbizeni hospitali hata kama jeraha limepona. Na mzee anayeishi peke yake apigiwe simu au atazamwe na jirani kila asubuhi na kila jioni, asije akalala chini usiku kucha bila mtu kujua.

Mwisho, twasema na sisi wenyewe tulio viongozi wa makanisa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yataja haki ya wazee kuishi kwa heshima, kutunzwa na jamaa zao na serikali. Lakini wazee wetu hupita wapi kila Jumapili? Tazameni ngazi za mlango wa kanisa lenu. Zina mahali pa kushika? Tazameni mabenchi. Mzee wa miaka 80 anaketi saa tatu juu ya benchi lisilo na egemeo, kama Eli kando ya lango, kisha twamwambia asimame ghafula tuimbe. Tazameni choo cha kanisa wakati wa mvua. Huenda mwaka huu kabla ya kununua vipaza sauti vipya, baraza lingenunua mbao za egemeo, bomba la kushikia na lori moja la kokoto.

Tena twaomba jambo hili: juma hili vijana wa kila kanisa wachague nyumba tatu za wazee. Waende na nyundo, misumari, jembe na taa. Waulize yale maswali matatu, wahesabu hatua za kwenda chooni, na wasiondoke mpaka wamejenga kitu kimoja cha kushikia. Kazi hiyo yamalizika kabla ya jua kuchwa.

Nawe uliye mbali, Nairobi au Mombasa au ng'ambo, usitume fedha za chakula pekee. Uliza, "Mama, umeanguka mwaka huu?" Kisha ukiambiwa kweli, usimkemee. Mtume fundi.

Natuombe.

Ee Mungu Baba, wewe uliyeijali hata dari ya nyumba, twakushukuru kwa baba na mama zetu uliowapa miaka mingi. Wape nguvu za miguu na nuru ya macho. Utuondolee uvivu wa kusema kwamba ni uzee tu. Utupe macho ya kuiona njia wanayoipita usiku, na mikono ya kuitengeneza kabla ya mvua ijayo. Wale waliolala vitandani kwa kuvunjika, uwafariji, na wanaowatunza usiwaache wachoke. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.